Nani Kaupata Mwezi?

Ijumaa ya tarehe 27 Julai 2018, kama saa nne na nusu usiku, mwezi uligeuka mwekundu juu ya Chukwani. Msikitini walikuwa wakisali sala ya kupatwa kwa mwezi. Bibi alisali nyumbani, akakunja mswala wake, kisha akatoka uani na sufuria na mwiko, akaanza kugonga.

“Joka limeukamata,” aliniambia. “Gonga na wewe, liuachie.”

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Nikamweleza habari ya kivuli cha dunia, nikamchorea mchangani kwa kidole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaiweka sufuria chini.

“Haya, mwanangu. Nyinyi mmesoma.”

Akaingia ndani. Wekundu ule ulidumu saa moja na dakika 43, nami nikautazama peke yangu.

Baadaye sana ndipo nilipoanza kulisoma joka lake. Wahindi wanalijua kwa jina la Rahu. Alijipenyeza kati ya miungu akanywa maji ya uzima. Jua na Mwezi wakamchongea, Vishnu akamkata kichwa. Lakini kichwa kilikuwa kimeshakunywa, hakikufa, na tangu hapo kinawawinda wachongezi wake. Kikiumeza mwezi hutokea shingoni, maana tumbo hakina. (Hapo Bibi angecheka.) Wanafalaki wa Kiislamu nao, wakirithi kwa Waajemi, waliziita kichwa na mkia wa joka zile sehemu mbili ambapo njia ya mwezi hukatana na njia ya jua. Mwezi haupatwi ila ukiwa karibu na hapo, kwa hiyo joka lao lilikuwa hesabu. Na wanafalaki wa Ulaya hawajaliacha: muda wa mwezi kutoka sehemu moja hadi kurudi pale pale, kama siku 27.2, wanauita mwezi wa joka mpaka leo.

Unguja imepokea majahazi ya kaskazi kutoka Kachi na Omani kwa karne nyingi, na jahazi halishushi tende peke yake. Jina lakini hatukuazima. Tulimchukua nyoka tukamkuza, akawa joka. Na mwezi tukasema umepatwa, kama mtu aliyepatwa na maradhi au shetani. Vitabu vya shule vinaandika “kupatwa kwa mwezi”, halafu chini yake vinachora kivuli.

Siku alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, jua lilipatwa, watu wakaunganisha mambo mawili. Mtume akawaambia jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu. Bibi aliijua hadithi hiyo kuliko mimi. Ndiyo maana alisali kwanza.

Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa tena. Bibi hayupo. Nilitoka na sufuria ile ile, na mtoto wa dada yangu akaniuliza nani kaupata mwezi. Nikampa mwiko.