Kenda, fungate na mtondo: Hesabu tulizozilaza usingizi

Kila ninapozungumzia asili ya Kiswahili mbele ya hadhira, hakosekani mtu wa kuinua mkono na kuuliza: "Lakini mwalimu, lugha isiyoweza hata kuhesabu hadi kumi bila kumkopa Mwarabu itaitwaje ya Kibantu?" Swali hilo huzua kicheko, na kwa kweli linaonekana kuwa na mashiko. Moja hadi tano ni zetu. Nane na kumi pia ni zetu. Ila sita, saba na tisa ni za Kiarabu, na ukivuka kumi unakutana na ishirini, thelathini na arubaini, za huko huko.

Jibu langu huwa fupi: Kiswahili kilikuwa nazo. Kilikuwa na tandatu kwa sita, fungate kwa saba na kenda kwa tisa. Badala ya ishirini ungesema makumi mawili, na hilo hata leo anayelisikia halimpi shida. Kuazima neno hakuthibitishi kwamba hukuwa na lako. Mtu mwenye shati huweza kununua jingine.

Nianze na kenda, kwa kuwa ndilo Wakenya wengi hulitamka bila kulisikia. Mijikenda ni miji kenda, yaani miji tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakauma, Wachonyi, Wajibana na Wakambe. Wadigo husema Midzichenda. Kabla ya jina hili kushika katika miaka ya 1940, watu hawa waliitwa Wanyika, yaani watu wa porini, jina walilobandikwa na wengine na lililobeba dharau ndani yake. Wenyewe walipotaka jina la kuwaunganisha, waliihesabu miji yao na kuitumia hesabu hiyo. Sasa hebu muulize mwanafunzi wa shule ya upili, hata wa huko huko Kilifi au Kwale, kenda ni ngapi. Wengi niliowauliza walidhani ni sehemu tu ya jina, basi.

Bara nako kenda lipo. Mkikuyu na Mkamba hulitumia kila siku sokoni bila kujua kwamba kwa Mswahili ni neno la makumbusho. Simulizi ya mabinti wa Gikuyu na Mumbi huwataja kuwa kenda, pamoja na ule mmoja wa kujazia. Nao Wakristo wanaosoma Biblia ya Union Version hulikuta katika mfano wa kondoo aliyepotea: waliobaki nyikani ni tisini na kenda. Tazama hapo jinsi Kiarabu na Kibantu vinavyokaa katika hesabu moja bila kugombana!

Tandatu nalo lina uzuri wake. Wanaisimu wengi huliona kuwa tatu iliyorudiwa, tatu na tatu, kama vile nane inavyoelezwa kuwa nne mbili. Mkikuyu akikwambia "andu atandatu" anakutajia watu sita kwa neno lile lile tulilolitupa.

Fungate ndilo linalonichekesha. Hili halikufa, liliolewa. Siku saba za baada ya arusi, maharusi wakiwa ndani wanapelekewa chakula kutoka kwa wazazi wa bibi arusi, ziliitwa fungate kwa sababu ni saba. Mgiriama hadi leo husema fungahe akihesabu saba. Sisi tumebaki na mapumziko ya maharusi, hesabu tumeisahau, na ndiyo maana utasoma gazetini kwamba fulani na mkewe wako katika "fungate ya wiki mbili". Saba ya kumi na nne, ati! Siwalaumu waandishi, neno likishahama nyumba huwezi kulirudisha kwa fimbo. Ila ni vizuri mtu ajue anachosema.

Je, ni nini kilichoyasukuma maneno haya pembeni? Jibu la haraka ni dini, na mimi silikubali hivi hivi. Wangazija ni Waislamu kwa karne nyingi, na lugha yao ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Hata hivyo wao huhesabu ndradaru, mfukare, nane, shenda: tandatu, fungate, nane na kenda kwa matamshi ya visiwani. Kwa hiyo dini peke yake haitoshi kuwa sababu. Naona uzito zaidi katika biashara, katika maduka na mabandari ambako bei na vipimo vilitajwa kwa Kiarabu mbele ya wateja wa lugha mbalimbali. Hata wiki yetu ina alama za mapatano hayo. Tunahesabu kuanzia Jumamosi, mosi, pili, tatu, nne, tano, kisha tunaingia Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni siku ya tano. Wiki moja ina tano mbili, na hakuna anayepotea njia.

Lipo neno la hesabu lililowahi kuamka, nalo ni mwongo. Mabaharia na wakulima wa pwani hawangeweza kutegemea mwaka wa mwezi kujua lini kusi itavuma au lini pa kupanda, kwa kuwa mwaka huo una takriban siku 354 na huhama majira. Wakawa na mwaka wa jua, wa siku 365 kuanzia Nairuzi, wakaugawa katika makumi: miongo 36 na siku tano za ziada. Mwongo ulikuwa siku kumi. Leo ni miaka kumi, na hakuna mhariri anayeshtuka akiusoma. Wapo wanaolalamika kwamba unafanana na mwongo wa kusema uongo, lakini ngeli huwatenganisha: mwongo huu, mwongo huyu. Uliamka kwa sababu palikuwa na pengo. Hatukuwa na neno moja la miaka kumi.

Kwa kipimo hicho, sidhani kenda italitoa tisa sokoni, wala sioni haja. Linitoshe likifundishwa darasani pamoja na tandatu, ili yule wa kuinua mkono apate jibu. Lakini mtondo, hilo nalitaka lirudi hata kesho. Leo, kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo: kamusi zimeyahifadhi yote, na pengo lipo wazi kabisa. Sikiliza watu wa Nairobi wanavyohangaika: "Si hiyo keshokutwa, ile ingine ya kufuata." Maneno saba (fungate, ukipenda) ya kutaja siku moja! Leo ikiwa Jumatano, mtondo ni Jumamosi na mtondogoo ni Jumapili. Mwambie fundi wako wa nguo kwamba suruali unaitaka mtondo, uone atakavyokutazama.