Jina Lililobaki Baada ya Moto

Mwaka 1777 mfalme wa Hispania, Carlos III, aliwatuma Hipólito Ruiz na José Pavón kwenda Peru kukusanya mimea. Wote wawili walikuwa na miaka 23, yaani umri wetu sisi vijana wa hapa kambini. Walizunguka misituni na milimani mwaka baada ya mwaka, wakikausha majani na kuandika.

Mwaka 1785 moto ukawaka walipokuwa wamefikia, pale Macora. Madaftari ya Ruiz yakaungua, na mimea mingi ikaungua pia. Mwaka uliofuata meli iliyobeba masanduku yao ya mimea ikazama pwani ya Ureno. Aliyekimbia usiku akaacha diploma ndani ya nyumba inayowaka ataelewa bila kuelezwa. Lakini hao jamaa waliendelea na kazi, wakarudi Hispania mwaka 1788, na mwaka 1794 kitabu chao kikatoka Madrid. Humo ndimo lilimo jina Peperomia, la Kigiriki, maana yake kinachofanana na pilipili. Na kweli, ni ndugu wa pilipili manga.

Hapo nina neno. Watu wa misitu ile waliishi na mimea hiyo zamani sana. Hata sisi tulikuwa na majina kabla ya kuandikishwa.

Sasa ninayo peperomia kwenye kopo la mafuta ya kula. Wengine wananiuliza: "Kaka, maji tunapanga foleni, wewe unayamwagia ua?" Swali ni la haki. Ila peperomia nyingi kwao huota juu ya matawi ya miti, penye udongo kidogo tu, na majani yake manene huweka akiba ya maji. Kinachoiua ni maji mengi, mizizi inaoza. Kwa hiyo natoboa kopo chini, natia udongo mwepesi, na simwagii mpaka udongo wa juu ukauke. Mara nyingi maji niliyosuuzia kikombe yanatosha. Jua kali halifai. Mwanga wa mlangoni, hata chini ya turubai, unatosha.

Ukitaka nyingine, kata jani pamoja na kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu kidogo, usubiri wiki kadhaa. Mimi tayari nina makopo manne. La tano amelichukua mama mmoja jirani, kaliweka karibu na redio.