Njia Moja, Miji Miwili: Mpwapwa na Bagamoyo



Kila mwaka kijitabu hiki hutenga ukurasa wa historia ya kwetu. Mwaka huu tuliifuata historia hiyo mbali na nyumbani. Familia za wanachama waishio Dar es Salaam, pamoja na wenzetu walioshuka kwa treni kutoka Dodoma Ijumaa jioni, tulikodi Coaster mbili tukaenda Bagamoyo, kwenda na kurudi siku moja. Watoto walitaka bahari, wazee walitaka majengo. Wazee walishinda, tukaanza na majengo.

Tuliliona Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1897, jengo la ghorofa lenye matao na kuta nene za mawe. Tukaingia Caravan Serai, mahali palipopumzika misafara ya biashara. Hapo mwongozaji alipotaja vituo vya njia ya kwenda bara, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Tabora hadi Ujiji, mtoto mmoja akadakia: "Mpwapwa yetu?" Tukacheka, lakini swali lile likatukaa. Tumewapeleka watoto mbali kujifunza jambo ambalo tungeweza kuwafundisha nyumbani.

Basi tuliandike hapa. Katika karne ya 19, msafara uliotoka pwani ulipofika Mpwapwa ulisimama. Maji yalishuka kutoka milimani, chakula kilinunuliwa, wagonjwa walipumzika. Mbele yao kulikuwa na nyika ya Marenga Mkali isiyo na maji, kisha Ugogo. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba kila mmoja mzigo wa takriban kilo 30: nguo, shanga na waya wakienda, pembe za ndovu wakirudi. Wengine walipita njia hiyo wakiwa wamefungwa minyororo, wakipelekwa kuuzwa. Hilo nalo ni sehemu ya historia yetu, na watoto walisikia.

Huko Ugogo watemi walitoza hongo. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwa hasira kwamba Wagogo ni wachoyo. Tuitazame hesabu hiyo kutoka upande wetu. Nchi ni kavu, visima vimechimbwa na wenyeji, mtama umelimwa kwa mvua ya kubahatisha. Msafara wa mamia ya watu unapofika ukanywa na kula, nani analipa? Hongo ilikuwa malipo ya maji na ya ruhusa ya kupita. Babu zetu walijua thamani ya kisima.

Kisha njia ikahama. Mwaka 1891 makao makuu ya utawala wa Wajerumani yaliondoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Reli ya Kati ikaanzia Dar es Salaam, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Treni ilipita Gulwe, na mji wa Mpwapwa ukabaki pembeni. Bagamoyo iliachwa na bandari, Mpwapwa ikaachwa na reli. Miji hii miwili ni ndugu.

Tofauti ni kwamba Bagamoyo imehifadhi kumbukumbu zake na watu wanalipa kiingilio kuziona. Sisi je? Mwaka 2006 Tanzania iliweka njia hii katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mpwapwa imetajwa humo pamoja na Bagamoyo. Ni wangapi kati yetu tulilijua hilo?

Jengo lililotugusa zaidi si Boma. Ni la Sewa Haji, mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo, aliyetajirika kwa kuipatia misafara wapagazi na bidhaa. Mwaka 1896 alikabidhi serikali jengo la ghorofa alilolijenga ili liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa kila rangi wapokelewe. Alitoa pia mali yake kwa ajili ya hospitali. Alifariki mwaka 1897, na hadi leo mgonjwa akilazwa Muhimbili anaweza kuambiwa aende Sewahaji.

Mzee wetu mmoja alikaa kimya mbele ya jengo lile, kisha akasema: "Utajiri huu ulipita kwetu, migongoni mwa watu. Kwetu haukuacha hata chumba kimoja cha darasa." Hakuna aliyemjibu. Mchana tukala pilau ufukweni, watoto wakaoga baharini, jioni tukarudi.

Ndugu zetu, njia huhama. Ilihama kwa misafara na inaweza kuhama tena. Kinachobaki ni kile ambacho wenye mji wamekijenga kwa ajili ya watoto wao. Ndiyo maana harambee ya mwaka huu ina mambo mawili: kukamilisha bweni la wasichana, ili wasome bila kutembea njia ndefu kila alfajiri, na kuandika masimulizi ya wazee wetu kabla hawajatutoka, yawekwe katika shule zetu. Mchanganuo wa gharama upo ukurasa wa mwisho, mstari kwa mstari, na taarifa ya matumizi mtaletewa.

Babu zetu waliuliza kila msafara: mnatuachia nini? Leo swali hilo tunajiuliza sisi wenyewe.

Karibuni tuchangie.