Swali la Pili: Mawazo ya Kudhuru Yasiyotakiwa na Tiba Yake Mjini Bukavu

Bukavu ilitekwa Oktoba 1996, ikavamiwa tena Juni 2004, na Februari 2025 ikaingia mikononi mwa waasi wa M23. Katika mji wa namna hiyo, mtu anayemwambia mwuguzi kwamba kila akishika kisu anaona atamchoma mwanawe hasikilizwi kwa utulivu. Atadhaniwa ana pepo, au amelogwa, au ameharibiwa na vita, au ni mtu hatari asiyefaa kuachwa na watoto. Dhana zote nne zinatokana na swali moja: unawaza nini? Hoja yangu ni kwamba swali hilo likiulizwa peke yake hupotosha. Linalofichua ugonjwa ni la pili: wazo hilo likikujia, unafanya nini?

Ugonjwa wenyewe madaktari wetu huuita TOC, kwa kifupi cha Kifaransa. Ndani yake mna wazo linalorudi bila kuitwa, na tendo linalofanywa ili kutuliza hofu iliyoletwa na wazo hilo. Wengi wanaujua kwa sura ya kunawa mikono au kukagua kufuli. Sura ya ukatili hufichwa, maana nani atakwenda kituo cha afya kujishitaki? Tuseme ni mama wa Kadutu aliyejifungua karibuni. Anakata lengalenga, mtoto amelala pembeni, na ghafla anaiona picha ya kisu shingoni mwa mtoto. Tangu siku hiyo visu vinafichwa juu ya kabati. Haogeshi mtoto mpaka mama mkwe awepo. Usiku anajikagua moyoni kama kweli anampenda, na sala yake ikikatizwa anaianza upya. Kwa swali la kwanza tungemwona muuaji. Kwa la pili tunamwona mzazi anayemlinda mwanawe kupita kiasi, hadi ulinzi umekuwa ndio ugonjwa.

Wazo lenyewe si la ajabu. Mwaka 1978 Stanley Rachman na Padmal de Silva walionyesha kwamba watu wengi wasio wagonjwa hupitiwa na mawazo yanayofanana kabisa na ya wagonjwa. Utafiti wa Adam Radomsky na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, uliwauliza wanafunzi 777 wa nchi 13, Sierra Leone ikiwemo, na zaidi ya asilimia 93 walikiri kupatwa na angalau wazo moja la kujipenyeza katika miezi mitatu iliyotangulia. Kwa akina mama waliojifungua karibuni, tafiti za Nichole Fairbrother nchini Kanada zimekuta karibu nusu wamewahi kujiwa na wazo la kumdhuru mtoto kwa makusudi, bila kulitaka. Tofauti kati ya mzima na mgonjwa iko katika maana anayolipa wazo. Mzima hushtuka, akaendelea kukata mboga. Mgonjwa hujiambia: nikiwaza hivi, basi ndivyo nilivyo, na nisipojizuia nitatenda. Paul Salkovskis alieleza mwaka 1985 jinsi hisia hiyo ya kuwajibika kupita kiasi inavyozaa matendo ya kujikinga, na matendo hayo yanavyoulisha woga uliotarajiwa kuisha.

Hapa ndipo vyumba vyetu vya maombi vinapoingia. Sina ugomvi na sala. Lakini mahubiri yanayoliweka wazo la moyoni sawa na tendo la mkono humkuta mgonjwa huyu mahali pabaya kuliko wote wanaosikiliza, na maombi ya kumfungua yakirudiwa kila juma humthibitishia kwamba ndani mwake kuna kitu cha kufukuzwa. Ajabu ni kwamba Kanisa lenyewe lina kumbukumbu ya njia nyingine. Ignasi wa Loyola, ambaye wanawe Wayesuiti walianzisha Chuo cha Alfajiri hapa mjini, alipokuwa Manresa mwaka 1522 aliteswa na mashaka ya dhambi alizokwisha kuungama. Aliungama tena na tena, bila nafuu, hata akafikia kutamani kujiua. Alichoamua mwishoni ni kutoziungama tena dhambi za zamani. Mtaalamu wa leo angesema alizuia tendo la kujituliza, karne nne kabla ya jambo hilo kuingia vitabuni.

Swali la pili pia husaidia kutenganisha magonjwa, na katika Kivu Kusini kazi hiyo si nyepesi. Aliyeshuhudia mauaji hurudiwa na picha ya jambo lililotokea. Mgonjwa wa TOC huogopa jambo ambalo halijatokea, tena litakalotoka mikononi mwake. Wapo pia wapiganaji wa zamani: Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz na wenzake waliowahoji mashariki mwa Kongo wameeleza kwamba baadhi yao hupata raha katika kushambulia. Mgonjwa wetu hana raha hiyo hata chembe, na ndiyo maana anakimbia kisu. Mzazi anayeona wazo ni sahihi, au anayesikia sauti ikimwamuru, au aliyechanganyikiwa ghafla baada ya kujifungua, huyo ni dharura. Afikishwe siku hiyo hiyo kwa wataalamu wa akili, kama wale wa SOSAME, kituo cha Frères de la Charité. Na mtu mmoja anaweza kubeba majeraha ya vita pamoja na TOC. Hapo yote mawili yatibiwe.

Tiba ipo. Mwaka 1966 Victor Meyer, huko London, aliripoti wagonjwa waliopata nafuu baada ya kukabilishwa na walichokiogopa huku wakizuiwa kutenda matendo yao ya kujituliza. Kwa yule mama wa Kadutu, maana yake ni kushika kisu na kukata mboga mtoto akiwa karibu, kwanza kwa dakika chache, kisha kumwogesha peke yake, bila kuuliza, bila kujikagua, bila sala ya kufuta wazo, mpaka hofu ipungue yenyewe au aweze kuibeba. Dawa husaidia pia: klomipramini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ugonjwa huu, na fluoksetini hutumika, mara nyingi kwa kipimo kikubwa kuliko cha sonona, na yataka subira ya wiki 8 hadi 12. Wengi huiacha wiki ya tatu wakidhani imeshindwa.

Itasemwa kwamba hatuna wanasaikolojia wa kutosha. Ni kweli, lakini jimbo hili limekwisha kujibu pingamizi hilo. Judith Bass na wenzake walichapisha mwaka 2013 jaribio lililofanyika Kivu mbili, Kusini na Kaskazini, ambapo wasaidizi wa kisaikolojia wasio na digrii walitoa tiba ya kurekebisha fikra kwa vikundi vya wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya waliotibiwa ndio waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi, dhidi ya asilimia 42 ya waliopewa usaidizi wa mtu mmoja mmoja. Halikuwa jaribio la TOC, na silitumii kudai kwamba lilikuwa hilo. Linathibitisha kwamba mtu wa hapa, akifunzwa na kusimamiwa vizuri, anaweza kutoa tiba yenye utaratibu mgumu.

Ugumu wangu uko kwingine. Wasaidizi hao, na wahudumu wa hospitali kama Panzi waliojengwa na miaka ya kuwahudumia manusura, wamezoea kufariji, na kufariji ni kazi njema. Kwa mgonjwa wa TOC, faraja inayorudiwa ni kama dawa ya kulevya: "wewe ni mama mwema, huwezi kumdhuru" humtuliza kwa saa moja, kisha anaihitaji tena. Mafunzo yanayohitajika si ya kuongeza huruma. Ni ya kuvumilia kumwona mgonjwa akitetemeka bila kumpa jibu analolilia, baada ya kumweleza mapema, yeye na jamaa zake, kwa nini jibu halitatolewa.

Vitivo vya tiba na saikolojia vya mji huu viyaweke mafunzo hayo katika masomo ya wauguzi na wasaidizi, si ya wanafunzi wa udaktari peke yao. Na mchungaji anayefuatwa na mama huyo amwombee mara moja, amsindikize kwenye kituo cha afya, na kesho yake akirudi kuuliza kama kweli si muuaji, asimjibu.