Wapiganaji wa msituni wakikamatwa: Mateka wa vita au wahalifu?

KONGWA, mkoani Dodoma, inafahamika zaidi kwa ranchi ya ng'ombe na kwa mpango wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 ukawashinda. Lakini kuanzia mwaka 1964 majengo yaliyoachwa na mpango huo, karibu na kituo cha reli kilichokwisha kufungwa, yaligeuzwa kuwa kambi ya wapigania uhuru. Walianza FRELIMO ya Msumbiji, wakafuata ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Samora Machel na Chris Hani ni miongoni mwa waliopita hapo.

Vijana waliotoka Kongwa kwenda kupigana walijua kuwa wakikamatwa wakiwa hai, hakuna sheria ya vita ambayo adui angekubali kuwa inawalinda. Serikali za Ureno, Rhodesia na Afrika Kusini ziliwaita magaidi. Wao walijiita askari. Tofauti ya majina hayo mawili ilikuwa ni tofauti kati ya kambi ya mateka na kitanzi.

Kwa mujibu wa Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949, mateka wa vita hashitakiwi kwa sababu tu ya kubeba silaha na kumpiga risasi askari wa upande wa pili. Anapohojiwa analazimika kutaja jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya kijeshi tu, na mapigano yakikoma hurudishwa kwao. Hata hivyo, hadhi hiyo haimfutii makosa ya kivita: aliyeua raia kwa makusudi anaweza kushitakiwa hata kama ni jenerali mwenye sare kamili.

Mkataba huo unawatambua pia wapiganaji wasio wa jeshi la kawaida, lakini kwa masharti manne ambayo chimbuko lake ni kanuni za The Hague za mwaka 1899 na 1907. Wawe na kamanda anayewajibika, wavae alama inayoonekana kwa mbali, wabebe silaha waziwazi na wafuate sheria za vita. Aidha, ni lazima wawe wa upande mmojawapo wa mgogoro, yaani wa nchi iliyo vitani.

Masharti hayo yaliandikwa na watu waliokuwa wakiifikiria Ulaya. Aprili 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yaliiteka Kondoa-Irangi kutoka kwa Wajerumani, na mwishoni mwa Julai yakaingia Dodoma, baada ya kuteremka kusini kupitia nchi ambayo sehemu yake tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Chemba. Upande wa Wajerumani, pamoja na askari wenye sare, walikuwapo rugaruga, ambao mara nyingi hawakuwa na sare kamili. Wakati wa Maji Maji hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa wakoloni hawakuihesabu kuwa vita baina ya mataifa. Februari 27, 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa kwa makumi mjini Songea kama waasi.

Miaka 60 baadaye hoja ilikuwa ileile. Agosti 26, 1966 polisi wa Afrika Kusini walivamia kambi ya SWAPO ya Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia, ambako baadhi ya wapiganaji walikuwa wametokea Kongwa. Mwaka uliofuata bunge la Afrika Kusini lilipitisha Sheria ya Ugaidi na kuirudisha nyuma hadi mwaka 1962, ili iwanase watu waliokwisha kukamatwa. Washitakiwa 37 walipelekwa Pretoria, na wengi wao wakahukumiwa kifungo cha maisha. Andimba Toivo ya Toivo, aliyepewa miaka 20, aliachiwa mwaka 1984.

Nchi za Kiafrika, Tanzania ikiwamo, ziliona kuwa sheria yenyewe ndiyo inayotakiwa kubadilika. Desemba 1973 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 3103, lililotamka kuwa wanaopigana dhidi ya ukoloni na tawala za kibaguzi wakikamatwa watendewe kama mateka wa vita. Azimio halikuwa na nguvu ya mkataba. Nguvu hiyo ilipatikana Juni 8, 1977, ilipopitishwa Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva.

Itifaki hiyo ilivihesabu vita vya ukombozi kuwa vya kimataifa, na ililegeza sharti la alama. Ibara ya 44 inakubali kuwa yapo mazingira ambamo mpiganaji hawezi kujipambanua na raia wakati wote. Inatosha abebe silaha waziwazi wakati wa mapambano, na wakati anapoonekana na adui akijipanga kushambulia. Wapinzani, Marekani mbele, walidai kuwa kifungu hicho kinamhatarisha raia, kwa sababu askari asiyeweza kumtofautisha mkulima na mpiganaji atawapiga risasi wote wawili. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kumtaka mpiganaji wa msituni avae sare mbele ya ndege za adui ni sawa na kumwambia asipigane, na ndivyo tawala za kikoloni zilivyotaka.

Itifaki hiyohiyo, katika ibara ya 47, inawanyima mamluki haki ya kuwa mateka wa vita. Waafrika waliidai vilevile. Mwaka mmoja kabla, mahakama ya Luanda ilikuwa imewahukumu mamluki 13, na wanne kati yao wakauawa kwa kupigwa risasi Julai 10, 1976.

Novemba 28, 1980 Rais wa ANC, Oliver Tambo, alikwenda Geneva na kutia saini mbele ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu tamko la kuheshimu mikataba hiyo. Pretoria haikujali, kwani haikuwa imeiridhia itifaki. Juni 9, 1983 iliwanyonga wapiganaji watatu wa ANC, Mogoerane, Mosololi na Motaung, waliopatikana na hatia ya kushambulia vituo vya polisi, licha ya Baraza la Usalama kuomba wasinyongwe. Tanzania ilijiunga na itifaki hiyo Februari mwaka huohuo. Afrika Kusini ilijiunga mwaka 1995, Nelson Mandela akiwa Rais.

Kesi ya Solomon Mahlangu, ambaye jina lake limepewa kampasi ya Mazimbu, Morogoro, ni ngumu zaidi. Alinyongwa Aprili 6, 1979 kwa vifo vya raia wawili waliopigwa risasi na mwenzake jijini Johannesburg. Hadhi ya mateka wa vita pekee isingemwepusha na mashitaka ya vifo vya raia, ingawa ingeipa mahakama sababu ya kuuliza swali tofauti.

Baada ya Septemba 11, 2001 Marekani ilifufua msamiati wa "wapiganaji haramu". Mtanzania Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa katika magereza ya siri, kisha akapelekwa Guantánamo mwaka 2006. Mwaka 2011 alihukumiwa kifungo cha maisha mjini New York kuhusiana na milipuko ya mwaka 1998 katika balozi za Dar es Salaam na Nairobi. Kulipua balozi si tendo linalolindwa na hadhi yoyote ya mpiganaji. Kuteswa hata hivyo ni marufuku kwa kila aliyekamatwa, na mwaka 2006, katika kesi ya Hamdan, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa Ibara ya 3 ya pamoja ya Mikataba ya Geneva inawahusu hata wafungwa wa al-Qaeda.

Katika vita vya ndani ya nchi moja, hadhi ya mateka wa vita haipo kabisa. Ndiyo maana Thomas Kwoyelo wa LRA, aliyekamatwa Kongo mwaka 2009, alidai msamaha chini ya sheria ya Uganda ya mwaka 2000 badala ya kutaja Mkataba wa Tatu. Alihukumiwa miaka 40 mwaka 2024. Kwa M23, waliopigana na wanajeshi wa Tanzania waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2013 na kuiteka Goma Januari 2025, jibu linategemea nani yuko nyuma yao. Kinshasa inasema ni Rwanda, nayo Rwanda inakana. Kadiri Kigali inavyokana, ndivyo mpiganaji wa M23 aliyekamatwa anavyokosa nchi ya kumwita askari wake.