Deus Ex: Gemu yenye njia za panya nyingi kuliko milango

Mtoto anayekulia Msangano, wilayani Momba, hujifunza mapema tofauti ya barabara na njia ya panya. Akifika Tunduma anayaona malori yamepanga foleni kuelekea kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2019. Pembeni yake anaona watu wanapenya katikati ya nyumba na kuibukia Nakonde, upande wa Zambia. Mpaka ni huohuo mmoja, lakini njia ni nyingi, na kila njia ina gharama yake.

Mtoto huyo akikutana na Deus Ex, gemu ya kompyuta iliyotoka Juni 2000, atajiona yuko nyumbani. Ndani yake kila mlango uliofungwa una njia nyingine ya kuupita: dirisha, bomba la hewa, nywila iliyosahaulika mezani, au mlinzi anayekubali kuongea. Sababu ya gemu hii kuendelea kupendwa baada ya robo karne imo humo.

Mwasisi wake ni Mmarekani Warren Spector. Katikati ya miaka ya 1990 alikuwa amechoshwa na gemu za majoka na mashujaa wa panga. Alitaka dunia inayofanana na yetu, na mchezaji anayetatua tatizo kwa akili yake mwenyewe. Aliandika wazo hilo na kuliita Troubleshooter, lakini lilikaa bila kutengenezwa. Mwaka 1997 John Romero, mmoja wa waliotengeneza gemu ya Doom, alimkaribisha aanzishe ofisi ya kampuni ya Ion Storm mjini Austin, Texas, na humo ndimo wazo lake lilimopata uhai. Harvey Smith aliongoza ubunifu wa mchezo, Sheldon Pacotti akaongoza uandishi wa hadithi.

Hadithi hiyo ni ya mkondo uitwao saibapanki: teknolojia imepaa hadi mawinguni huku binadamu wa kawaida akizidi kudidimia. Mwaka ni 2052. Ugonjwa uitwao Kifo cha Kijivu unaua watu mitaani, na dawa ya kuuzuia, Ambrosia, ni adimu. Wenye vyeo wanaipata kwanza. JC Denton, kijana ambaye mwili wake umeongezewa nguvu kwa mashine ndogo zisizoonekana kwa macho, ameajiriwa na UNATCO, chombo cha Umoja wa Mataifa cha kupambana na ugaidi. Anaanza kazi akiamini anawatumikia watu wema. Baadaye anagundua kwamba ugonjwa wenyewe umetengenezwa, na waliouachia ndio wanaovuta kamba nyuma ya wakubwa zake.

Njama kabla ya kompyuta

Tanzania ilikuwa na hadithi za njama kabla kompyuta hazijaenea. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Mwaka huohuo Aristablus Elvis Musiba alichapisha Kufa na Kupona, riwaya iliyomtambulisha Willy Gamba, jasusi wa Kitanzania katika zama za harakati za ukombozi.

Kwa watu wa ukanda huu, harakati hizo zilipita mbele ya nyumba. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta kupitia kusini, na malori yakaanza kuyabeba kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kusukuma mafuta hadi Ndola. Kisha ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kuvuka mpaka hapahapa Tunduma. Mtu aliyeishi hapa miaka ile hakuhitaji kuambiwa kwamba maamuzi ya wakubwa wa mbali hubadilisha maisha ya mkulima wa mpunga bondeni.

Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili alikwishaonja utamu wa njama. Tofauti ni kwamba riwayani Willy Gamba huamua na msomaji humfuata. Katika Deus Ex, anayeamua ni mchezaji.

Uamuzi wenye uzito

Chukua tukio la ndani ya ndege. Denton anaamriwa na askari mwenzake, Anna Navarre, amuue mtu aliyekwisha kujisalimisha. Mchezaji anaweza kutii. Anaweza kukataa, Navarre akaifanya kazi hiyo mwenyewe. Anaweza pia kumgeuzia silaha Navarre. Gemu hairudishi mkanda nyuma kumsahihisha. Inapokea alichotenda na kuendelea.

Baadaye kaka wa Denton, Paul, anavamiwa chumbani hotelini na kumsihi mdogo wake atoroke kupitia dirishani. Akitoroka, Paul anakufa. Akibaki kupigana, Paul anaweza kupona. Wapo waliomaliza gemu nzima wakiamini kifo kile kilikuwa kimepangwa. Kugundua baadaye kwamba kaka angeokolewa kunauma, na maumivu hayo huwarudisha watu kuicheza upya.

Hata historia ya kuitengeneza ina funzo kuhusu njama. Mandhari ya New York katika gemu haina majengo pacha yaliyoangushwa Septemba 2001, ilhali ilitoka mwaka mmoja kabla. Wengi walidhani kuna siri. Watengenezaji walieleza kwamba kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa finyu, hivyo wakapunguza picha za mji.

Ofisi ya Austin ilifungwa mwaka 2005, lakini mashabiki hawakuiacha kazi yake ife. Nyongeza za gemu hii, The Nameless Mod ya mwaka 2009 na Revision ya mwaka 2015, zilijengwa na wapenzi waliojitolea. Umaskini wa mashine za zama zile nao umegeuka neema: gemu ilihitaji prosesa ya megahezi 300 na kumbukumbu ya megabaiti 64, kwa hiyo kompyuta ya mtumba inaimudu vizuri.

Mwishoni mwa gemu Denton anafika Area 51, kituo cha kijeshi jangwani Nevada, na sauti tatu zinamvuta. Tracer Tong anataka mtandao wa mawasiliano wa dunia uvunjwe, watu warudi katika jamii ndogondogo. Morgan Everett anataka watu wachache watawale kwa siri, kama zamani. Helios, akili mnemba, inataka iungane naye na kuongoza dunia bila tamaa za binadamu. Kila mmoja ana hoja, na kila hoja ina doa. Hakuna alama ya kuonyesha jibu sahihi. Mchezaji anasimama pale korido zinapogawanyika, na kompyuta inamsubiri.