Ualimu na Umbo Lisilofungwa katika Sanaa ya El Anatsui

Katika mijadala kuhusu maisha ya wasanii wa Afrika, ualimu huhesabiwa mara nyingi kuwa kodi ambayo msanii huilipa ili apate kuishi, kwa maana kwamba mshahara wa mwisho wa mwezi humtoka kwa njia ya saa ambazo angezitumia katika karakana yake. Kwa kipimo hicho, mchongaji El Anatsui, aliyezaliwa Anyako nchini Ghana mwaka 1944 na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, kuanzia 1975 hadi 2011, angeonekana kuwa mtu aliyechelewa, kwa kuwa kazi zilizomletea sifa duniani alianza kuzitengeneza akiwa amekwisha kuvuka umri wa miaka 50. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti: ualimu haukumchelewesha Anatsui, bali ndimo ilimokomaa sifa kuu ya kazi zake, yaani kuliacha umbo la kazi wazi ili mtu mwingine aje kuliamua.

Anatsui aliandaliwa kuwa mwalimu, kwani baada ya shahada yake ya sanaa mjini Kumasi alisomea pia stashahada ya uzamili katika ufundishaji wa sanaa. Mafunzo ya huko yaliegemea sana mapokeo ya Ulaya, naye akawa akienda katika kituo cha utamaduni cha mji huo kuwatazama wachongaji, wafumaji na wapiga ngoma wakifanya kazi zao. Alipoanza kufundisha Winneba mwaka 1969, alichukua sinia za mbao ambazo wauzaji wa sokoni hupangia bidhaa, akazichoma kwa vyuma vya moto alama za adinkra, ambazo ni michoro ya Waakan ambayo kila mmoja hubeba maana au methali yake. Mwalimu asiyeridhika na elimu aliyopewa hana budi kuitafutia mbadala kabla ya kusimama mbele ya wanafunzi, na kwa sababu hiyo utafutaji wa Anatsui tangu mwanzo ulikuwa wa karakana na wa darasa kwa pamoja.

Nsukka ilimkuta katika hali hiyo. Idara ya sanaa ilikuwa chini ya Uche Okeke, mmoja wa wanafunzi walioanzisha chama cha sanaa mjini Zaria mwaka 1958 na kutetea kile walichokiita usanisi wa asili, yaani msanii kuchagua kwa hiari yake yaliyo bora katika mapokeo ya kwao na katika yale ya kigeni. Okeke na wenzake walikuwa wakiichunguza uli, michoro ambayo wanawake wa Kiigbo waliichora mwilini na kutani, yenye mistari michache na nafasi kubwa zilizoachwa tupu. Katika mazingira hayo Anatsui aliwahimiza wanafunzi watumie vitu vinavyowazunguka, naye mwenyewe akafuata kanuni hiyohiyo: kwanza udongo, katika mfululizo wa vyungu vilivyovunjika mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha mbao alizozikata kwa msumeno wa mashine, zana aliyoanza kuitumia akiwa Marekani mwaka 1980. Ni vigumu kuitenganisha kanuni hiyo na hali ya uchumi, hasa baada ya marekebisho ya mwaka 1986 yaliyoiporomosha thamani ya naira, kwa sababu mwalimu mwenye haki hamdai mwanafunzi malighafi asiyoweza kuipata.

Hapa ndipo hoja yenyewe inapokaa. Kazi za mbao za Anatsui ziliundwa kwa vipande vyembamba vilivyosimamishwa bega kwa bega, na aliyezimiliki aliruhusiwa kuvipanga upya. Mwaka 1998 aliokota karibu na Nsukka mfuko wa vizibo vya alumini vya chupa za pombe kali, na baada ya muda akaanza kuvibamiza, kuvikunja na kuviunganisha kwa waya wa shaba hadi vikawa mapazia makubwa yanayolainika kama nguo. Wahakiki wengi hukimbilia kuyalinganisha na kente, kitambaa cha kufumwa cha Ghana, jambo lisilo kosa kwa mtoto wa mfumaji, lakini ulinganisho huo unaficha jambo zito zaidi: pazia hilo hupelekwa kwenye maonyesho bila maelekezo ya namna ya kulitundika, na kila anayelipokea hulipatia mikunjo yake. Kuweka mbele ya mtu malighafi na swali, kisha kujizuia kumpa jibu, ndiyo kazi ya kila siku ya mwalimu wa karakana, na Anatsui alikwisha kuifanya kwa zaidi ya miongo mitatu kabla haijawa sifa ya sanaa yake katika maonyesho ya kimataifa ya Venice mwaka 2007.

Ipo hoja kinzani yenye uzito, nayo ni kwamba mapazia hayo hushonwa na vijana wengi wa Nsukka wanaolipwa ujira, na kwamba kibarua si mwanafunzi. Tofauti hiyo ni ya kweli, na haitoshi kuifunika kwa sifa za ushirikiano. Majina ya mikono hiyo yanastahili kuandikwa panapoandikwa jina la msanii. Hata hivyo, ushahidi wa ualimu wake uko kwa wale waliopita darasani mwake, kama vile Nnenna Okore, anayefanya kazi kwa gunia, udongo na karatasi, na Ndidi Dike, aliyegeukia mbao na vitu vilivyotupwa. Wote wawili walichukua kanuni ya kuanzia na kilichopo, ilhali kazi zao hazifanani na mapazia ya mwalimu wao, wala zenyewe kwa zenyewe.